Mstari wenyewe unahama
Kuna makala nimeisoma, mwandishi wake anatuambia umaskini uliokithiri umepungua sana duniani, sawa, lakini amepita juu juu kwenye jambo moja. Mstari wenyewe wa umaskini, yaani kile kiasi ambacho mtu akiishi chini yake anahesabiwa fukara, unahama! Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliuweka dola 1.90 kwa siku, 2022 ukawa 2.15, na Juni 2025 ukafika 3.00. Yaani mtu alilala si fukara akaamka fukara, na ugali wake ni ule ule. Sisemi wanatudanganya, bei zinapanda, takwimu nazo zinaboreshwa, na hesabu lazima ifuate. Ila sehemu kubwa ya huo upungufu tangu 1990 imetoka China. Sisi wa kusini mwa Sahara ndio tuliobaki wengi chini ya mstari.

Shangazi yangu yumo kwenye kaya maskini zinazopewa ruzuku ya fedha na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania. Hela za kwanza alinunua kuku watano na madaftari ya wajukuu. Majirani walisema atazinywea pombe, mtu mwenyewe hata soda hagusi. Sasa kuku wanataga, kinachomtesa ni barabara: mvua ikinyesha wiki nzima hakuna gari la kwenda mnadani, mayai yanamharibikia ndani. Hiyo barabara mnaihesabu kwa dola ngapi kwa siku?