Cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa mkono: udhaifu uko wapi?

Tangu mwaka 2013, ulipozinduliwa mkoani Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa Tanzania, imekuwa ikitoa bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, vyeti vya kuzaliwa vilivyojazwa kwa kalamu. Wapo wanaoviona duni, wakidai kuwa karatasi yenye mwandiko wa mtendaji haina hadhi ya ile iliyochapwa kwa kompyuta, na kwamba kuighushi ni rahisi.

Dai hilo si la kubeza. Herufi moja ya jina ikikosewa, kosa litajitokeza siku ya kuomba pasipoti, na mzazi ndiye atakayehangaika na viapo.

Hata hivyo, Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watoto wa umri huo nchini walikuwa wamesajiliwa, ilhali wenye cheti walikuwa asilimia 14 tu. Pengo hilo la 12 lanisumbua kuliko ubora wa karatasi yoyote, kwa kuwa hao si watoto wasiojulikana: wamekwisha kuandikwa, ila cheti hakikuwafikia, katika utaratibu wa zamani ambao kukipata kulimaanisha safari ya wilayani, nauli, ada, na pengine kuambiwa urudi wiki ijayo. Kwa familia ya kijijini, cheti kizuri kilichobaki wilayani hakina faida. (Kikishafika, hupelekwa steshenari kufunikwa plastiki, iwe karatasi nzito au nyepesi.)

Na kughushi? Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kwanza cheti chake kihakikiwe na RITA, hata kikiwa kimechapwa vizuri namna gani. Ikiwa karatasi nzuri nayo haiaminiwi mpaka kumbukumbu za usajili ziulizwe, sioni kwa nini ile ya mkono, ambayo taarifa zake hutumwa kwa simu kwenye mfumo wa RITA, ishukiwe peke yake.

Sharti ni kwamba taarifa ziwe zimetumwa kweli, na zilingane na zilizoandikwa kwenye cheti. Ukaguzi uelekezwe huko, kata kwa kata, na mzazi asomewe jina la mwanawe kabla mhuri haujagongwa.