Kibofu na baridi ya Kilimanjaro, nani kawakutanisha?

Jamani hivi nani alipanga haya mambo? Mchana kutwa kiongozi wa kupanda mlima anakukazania kunywa maji, kunywa maji, lita tatu, nne, ongeza na Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ambayo nayo inakojoza balaa, halafu saa nane usiku kambi ya Karanga, karibu mita 4,000 huko juu, kibofu kinapiga hodi! Utoke? Begi la kulalia ndo kwanza limeshika joto. Zipu ya hema imeganda, betri ya tochi imezirai kwa baridi, buti gumu kama jiwe. Unarudi meno yanagongana, unajikunja, unafumba macho... hodi tena! Na asubuhi kiongozi, eti ajue kama maji yanatosha mwilini, "dada, mkojo una rangi gani?" Kaka, niache!