Kongani ya Kwala: Hesabu ya Maji na Taka Isiishie Ukutani

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha mkoani Pwani, tarehe 31 Julai 2025, gumzo la Kibaha limekuwa kongani ya viwanda, yaani eneo moja la viwanda vingi. Viwanda zaidi ya 200 vinatarajiwa, na ajira za moja kwa moja zilizotajwa hadharani ni 100,000. Naiunga mkono kongani hii kwa moyo wote. Vijana wa Mlandizi, Ruvu na Chalinze wanahitaji kazi, na kuwa na viwanda kando ya reli ni jambo tulilolisubiri muda mrefu.

Ila kuna hesabu moja ninayotaka tuipige mapema, kabla viwanda havijawa vingi. Mradi wa namna hii ukifanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani TAM, kalamu huishia kwenye ukuta wa mradi. Utakuta sentensi mbili tatu: maji yatatoka kwenye mamlaka ya maji, taka zitazolewa na mzabuni aliyeidhinishwa, majitaka yatatibiwa kabla ya kuachiwa. Ukizisoma kwa kiwanda kimoja hazina tatizo. Zikirudiwa kwa viwanda 200, kila kimoja na taarifa yake na cheti chake, hakuna ukurasa hata mmoja unaoonyesha jumla.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo penye uzito. Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Kibaha na Bagamoyo tunaishi kwa mto mmoja, Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi unazalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini kule Bagamoyo lita milioni 270. Jumla ni lita milioni 466, mto ukiwa umejaa. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto haukuwa umejaa. Mvua zilichelewa, uzalishaji ukashuka hadi lita milioni 300 hivi, na mkoa mzima wa Dar es Salaam ukaingia kwenye mgao. Waliokuwa mjini wanakumbuka: ukifungua bomba linatoa upepo na kikohozi cha kutu, madumu yamepangwa mstari tangu alfajiri, na boza likiingia mtaani watu wanalikimbilia kabla halijasimama.

Kwala iko kwenye bonde hilohilo la Ruvu. Kwa hiyo swali la msingi la tathmini ni kiasi gani kitabaki kwa wengine siku ya kiangazi kikali, baada ya kongani kuchukua chake. Wastani wa mwaka hausaidii hapa. Mwezi Aprili maji huwa ya kumwaga, na mwezi huo hakuna anayehitaji tathmini. Bwawa la Kidunda linalojengwa kule Morogoro, litakalohifadhi mita za ujazo milioni 190, limekusudiwa kuupa mto nguvu wakati wa ukame, nami nalingoja kwa hamu. Lakini lilipangwa ili kuziba pengo la watu waliopo. Tusiliandike mara mbili kwenye daftari, mara ya kwanza kwa ajili ya Dar es Salaam na mara ya pili kwa ajili ya viwanda.

Sasa tutoke nje ya ukuta. Tuseme ajira hizo 100,000 zinapatikana kweli, na kila mfanyakazi anaishi na watu wawili tu. Hao ni watu 300,000. Kwa lita 50 kwa mtu kwa siku, wanahitaji lita milioni 15 kila siku, na hapo hatujagusa kiwanda hata kimoja. Kwa nusu kilo ya taka kwa kila mtu, ni tani 150 kwa siku, sawa na safari 15 za lori la tani 10. Makadirio haya ni yangu, na anayeona nimezidisha ayapunguze kwa nusu. Bado itakuwa ni mji mpya kwenye eneo la halmashauri ya wilaya iliyozoea vijiji.

Na mji huo tunajua unavyoota. Mtu mwenye kiwanja anajenga vyumba sita vya kupanga vikitazamana, choo kimoja cha shimo mwisho wa uwanja, bomba moja lenye kufuli. Mama lishe anaweka banda karibu na geti la kiwanda, na maji aliyooshea vyombo anayamwaga mtaroni. Choo kikijaa, wenye uwezo wanaita gari la majitaka. Wasio nao wanasubiri mvua kubwa wanatapisha usiku, na asubuhi watoto wanakanyaga. Hayo yametokea Vingunguti, Buguruni na Manzese, sehemu za Dar es Salaam zilizokua kwa sababu viwanda vilikuwa karibu. Mto Msimbazi uliobeba majitaka ya viwanda na ya nyumba zile kwa miongo mingi sasa unatafutiwa mabilioni ya kuuokoa. Ruvu tunaunywa. Hatuwezi kuufanyia majaribio ya namna hiyo.

Kuhusu umeme sina wasiwasi mkubwa. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na kongani itavutiwa laini yake. Nachoomba ni transfoma za vijijini zihesabiwe pia, kwa sababu saluni, mashine za kusaga na majokofu ya wapangaji wapya yatawashwa kwenye laini ya mwanakijiji.

Taka za viwandani ni jambo jingine. Matope yanayobaki baada ya kutibu majitaka, makopo ya kemikali, mafuta machafu, betri: hivi haviendi kwenye lori moja na maganda ya ndizi. Ikiwa hakuna eneo lililotengwa na kujengewa sakafu isiyopitisha maji, vitaishia Pugu Kinyamwezi, dampo ambalo tayari linabeba mzigo wa jiji zima, au vitaishia korongoni. Mzabuni aliyeidhinishwa lazima awe na mahali pa kumwaga. Tathmini isiyopataja mahali hapo kwa jina, kwa ukubwa na kwa miaka patakayodumu, irudishwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetupa nyenzo. Pamoja na TAM ya mradi mmoja mmoja, inatambua Tathmini ya Mazingira Kimkakati, inayotazama mpango mzima kwa pamoja. Ndiyo inayofaa Kwala, na iwekwe wazi kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, inayotoa vibali vya kuchukua maji na vya kutiririsha majitaka, iwe na jumla ya vibali vyote hadharani. Halmashauri nayo ipewe sehemu ya tozo za kongani kwa ajili ya malori, dampo na mabwawa ya majitaka, tangu mwaka wa kwanza.

Na kwa wakazi: mkiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, msikubali uishie kwenye fidia na ajira. Ulizeni Oktoba mto ukishuka bomba la nani litafungwa kwanza, la kiwanda au la kijiji, na ombeni jibu liandikwe kwenye muhtasari kabla hamjasaini mahudhurio.