Kuiga leza ya eksirei: anasa kwa Mtwara?

Mtwara ukitaja eksirei, watu wanafikiria hospitali ya Ligula. Ukiongeza kwamba wanafunzi wa fizikia wa vyuo vyetu wafundishwe programu za kompyuta za kuiga leza ya elektroni huru ya eksirei, yaani mashine inayotoa miale mikali ya eksirei kutokana na elektroni zinazokwenda kasi, mtu atakuuliza hiyo inahusiana nini na korosho. Mwalimu naye atakukumbusha kuwa mashine ya namna hiyo iko Hamburg, Ujerumani, ina urefu wa kilomita 3.4, na kwamba kompyuta za chuo tayari zinagombewa. Hoja hizo zina uzito. Ipo na nyingine nzito zaidi: kijana asiye na mashine ya kulinganishia anaweza kuuamini kila mchoro unaotokea kwenye kioo cha kompyuta.

Lakini wapinzani hudhani mashine hutangulia, programu ikafuata. Ni kinyume. LCLS, leza ya aina hiyo iliyoko California, ilipowaka mara ya kwanza mwaka 2009, usanifu wake ulikuwa umekwisha kupitishwa kwenye programu kama GENESIS 1.3 na GINGER. Kabla ya zege, kulikuwa na hesabu.

Na hesabu ya kuanzia haitishi. Elektroni ikipita katikati ya safu ya sumaku zinazopishana ncha hutoa mwanga, na urefu wa wimbi lake hutegemea mambo matatu: nishati ya elektroni, umbali ambao mpangilio wa sumaku hujirudia, na nguvu ya sumaku hizo. Weka namba za LCLS, yaani elektronivolti bilioni 13.6, sentimita 3 na kigezo cha sumaku cha 3.5, utapata nanomita 0.15, yaani eksirei. Kikokotoo kinatosha (cha hesabu, si kile cha mafao ya wastaafu).

Ugumu unaanzia kwenye kifurushi cha elektroni, yaani kundi la elektroni zinazosafiri pamoja. Chaji ya pikokulombi 250 ni elektroni zaidi ya bilioni moja na nusu. GENESIS hukikata kifurushi vipande vyenye urefu wa wimbi moja. Kifurushi cha mikromita 24 kitatoa vipande 160,000. Hiyo ni kazi ya kompyuta nyingi zilizounganishwa, nakubali. Ila programu hiyohiyo inaruhusu kukokotoa kipande kimoja tu, na hapo kompyuta mpakato ya kawaida inamudu. Mwanafunzi ataona nguvu ya mwanga ikipanda maradufu na maradufu, kisha ikafika kikomo. Asichokiona ni kelele: leza hizi kwa kawaida huanza na mtawanyiko wa elektroni usiotabirika, kwa hiyo hakuna mwali unaofanana kabisa na mwenzake. Basi afundishwe hilo pia, na apime majibu yake kwa vipimo vya LCLS vilivyochapishwa.

OCELOT, programu nyingine iliyotoka kwa watu wa European XFEL, ile mashine ya Hamburg, imeandikwa kwa Python na msimbo wake uko wazi. Ukishaipakua huhitaji mtandao. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, ingeendelea kufanya kazi. Muda wa kutumia mashine zenyewe hutolewa kwa maombi yanayoshindanishwa, bila ada kwa utafiti utakaochapishwa, na mwombaji aliyekwisha kuiga jaribio lake anajua aombe nini.

Kulifanya somo la lazima sitaki. Waanze wa mwaka wa tatu wenye hamu. Eksirei za hospitali ziendelee kudaiwa kwenye bajeti ya afya. Fungu hilo haliguswi hapa.