Lager ya hopsi nyingi haifai kusafirishwa sandukuni

Sisi tulioko Massachusetts tukienda nyumbani likizo hupenda kubeba makopo ya bia za huku, ndugu nao waonje. Kwa lager (bia zinazochachuka taratibu kwenye baridi) zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, naomba tuache. Inayofika Nairobi au Dar si bia ile tena, na ndiyo maana watu hukunja uso wakasema ni uchungu mtupu.

Nyumbani mhudumu anauliza, "Ya baridi au ya moto?" Swali hilo linatosha kwa Tusker, yenye kilevi asilimia 4.2 na hopsi kidogo, iliyotengenezwa kukata kiu. Tena tuseme ukweli: kwenye baa yenye wateja kreti hazikai, na chupa ni ya kahawia, inayozuia mwanga usiiharibu bia. Lager nyingi za chupa ya kijani zinazouzwa huku hazipati bahati hiyo.

Sasa chukua Hoponius Union ya Jack's Abby, kiwanda cha Framingham kinachojulikana kwa lager. Kilevi ni kama asilimia 6.5, hopsi zake ni za aina ya Citra na Centennial. Hii ukiinywa ya barafu umetupa hela, maana baridi kali huziba harufu na kuacha uchungu peke yake. Itoe kwenye friji, ngoja dakika kumi (Mombasa tano zinatosha), ifike nyuzi 6 au 7. Glasi isiwe na mafuta wala sabuni. Ukiona mapovu yameganda ubavuni, ni chafu. Iinamishe, mimina taratibu hadi nusu, kisha isimamishe umalizie katikati ili povu lipande vidole viwili. Usilipunguze povu hilo, harufu inapandia humo.

Nusa kabla ya kunywa. Balungi hutangulia, halafu embe bivu, na nyuma yake msonobari. Piga funda dogo, meza, kisha toa pumzi puani mdomo ukiwa umefumbwa: hapo ndipo utakapotofautisha ganda la chungwa na ganda la danzi. Kimea kije kama mkate uliotoka tanuri. Uchungu upande, ukae kidogo, ushuke na kuacha mdomo mkavu. Ukibaki umeng'ang'ania ulimi kama dawa, kuna kasoro.

Kasoro zina majina yake. Ikinuka siagi, chachu haikupewa siku mbili tatu za joto la nyuzi 16 hivi mwishoni mwa uchachu ili isafishe harufu hiyo. Tufaha bichi maana yake imetolewa tangini mapema. Karatasi ya boksi iliyolowa ni hewa na uzee. Ikinuka kicheche, imepigwa na jua: mwanga huvunja viambato vichungu vya hopsi, na lager ya hopsi nyingi ikiachwa kwenye glasi ufukweni huharibika kwa dakika chache tu.

Safarini adui mkubwa ni joto. Mafuta ya hopsi yanayobeba harufu ndiyo ya kwanza kupotea, uchungu ukabaki. Huku wajuzi hugeuza kopo kwanza wasome tarehe ya kufungwa, na ikipita miezi mitatu wanalirudisha rafuni. Kopo lililokaa sandukuni, likapita kwenye buti la teksi, kisha likawekwa juu ya kabati wiki mbili likisubiri wageni, limezeeka hata kama tarehe ni ya juzi.

Kinachosafiri vizuri ni hopsi yenyewe. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi, kama zile za bonde la Yakima jimboni Washington. Karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, hautoi maua ya maana. Lakini ikisagwa, ikakandamizwa vipande vidogo na kufungwa bila hewa, hukaa kwenye friza zaidi ya mwaka. Shayiri tunayo, Narok na Karatu. Kwa hiyo lager hii ipikwe kulekule.

Kikwazo ni tangi. Ale, bia inayochachuka kwenye joto zaidi, iko tayari kwa wiki mbili hivi. Lager huchachuka kwenye nyuzi 10 hivi, kisha hulazwa karibu na sifuri wiki nne au zaidi, na umeme unalipiwa muda wote huo. Kiwanda kidogo chenye matangi manne hakiwezi kulifunga moja mwezi mzima kama wateja hawaiulizii. Basi tuiulizie, na bei ikizidi ya Tusker maradufu tusishangae.