Shangazi alipoitunza santuri

Taarabu kwetu Unguja haisikilizwi kwa kukaa. Ubeti ukimchoma mtu huinuka, akapita mbele kwa madaha na noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Shangazi yangu yeye hutunza hata pasipo na mwimbaji.

Alileta santuri ya zamani niitie kwenye kompyuta. Karatasi ya katikati imelika haisomeki, lakini akaapa ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa zamani. Inawezekana, maana Siti alikwenda Bombay kurikodi na kampuni ya santuri ya HMV mwaka 1928. Ila kwa Shangazi, kila sauti ya kike yenye fidla nyuma ni Siti.

Kabla sijaigusa, Ami akatokea na pamba na chupa ya spiriti. Nikamdaka mkono. Santuri hizi nzito, zinazovunjika ukiziangusha, si plastiki. Zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wa India, na spiriti huyeyusha sheleki. Unafuta vumbi na wimbo unafutika nao. Tumia maji yaliyotokana na mvuke uliopoozwa, yale ya betri yasiyo na asidi, tone moja la sabuni ya vyombo na brashi laini. Sugua kufuata mifuo, ile mistari inayopita sindano, usiloweshe karatasi ya katikati, kisha kausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ami akaondoka na spiriti yake, kanuna.

Sindano nayo ina habari yake. Ya santuri za plastiki ni nyembamba mno: inazama chini kabisa ya mfuo wa sheleki na kuchota mchanga. Inatakiwa yenye ncha ya maikroni 75 hivi, yaani sehemu 75 za elfu za milimita, ikandamize kwa uzito wa gramu 3 hadi 5. Umeme wa sindano ni milivolti chache tu, kwa hiyo upite kwanza kwenye priamplifaya, kikuza sauti cha awali, ndo uingie tundu la laini la kompyuta, si la maikrofoni. Ukisikia mngurumo, funga waya wa ethi.

Sasa, mashine yangu ina spidi mbili tu, mizunguko 33 na 45 kwa dakika. Santuri yataka 78. Si tabu: unairikodi kwa 45, kisha Audacity, programu ya kuhariri sauti, inaipandisha. Wimbo wa dakika 3 unachukua zaidi ya 5, basi. Lakini wakati wa kurikodi, sauti inayotoka ni nzito, ya kuburuta.

Shangazi akasikiliza, kakunja uso. "Huyu si Siti. Huyu mwanamme."

"Ni Siti, Shangazi. Ngoja nimalize."

"Mwanamme huyu!" Akanyamaza kidogo. Kichwa kikaanza kwenda upande. "Lakini anajua, wallahi."

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, ghorofa ya juu sakafu ni ya boriti. Shangazi alipoinuka boriti zikainuka naye. Alipopiga hatua ya kwanza sindano ikaruka mifuo kadhaa. Nikanyoosha mikono, "Shangazi, taratibu!" Akadhani namshangilia, akazidisha nyonga. Akafika mezani, noti ya elfu mbili juu, akamzungushia mwimbaji mara mbili, akaiweka juu ya santuri inayozunguka.

Noti ikaenda duara, ikafika kwenye sindano, sindano ikaipanda. Krrrrrr! Ami, aliyekuwa kesharudi, akapiga makofi.

Santuri ilisalimika, maana karatasi haikwaruzi sheleki. Rikodi ndiyo iliyoharibika. Zana ya kuziba ya Audacity inatengeneza sampuli, yaani vipande vya sauti, 128 tu kwa mkupuo, yaani kama milisekunde 3. Inafaa kwa mpasuko mmoja, haifai kwa noti ya elfu mbili. Na ukikaza kiondoa mipasuko, kinaondoa na vidole vya mpiga dumbaki. Dawa ni kurikodi upya.

Nikaihamishia mashine kwenye daka la ukutani. Ukuta wa mawe hauchezi hata apite nani. Rikodi ya pili ikatoka safi. Nikaunganisha chaneli mbili kuwa moja, kwani santuri hii ni mono, sauti moja pande zote mbili, na kelele za sindano kurukaruka juu-chini zinauana zenyewe. Mngurumo wa umeme nikauondoa kwanza, kabla ya kubadili spidi: hapo bado uko kwenye hezi 50. Ukishapandisha hadi 78 unahamia karibu 87, na kichujio kitautafuta pasipo. Kelele za mfuo nikazipunguza desibeli 8 tu, kwa kipimo cha sekunde tupu kabla ya ala kuanza. Ukizidi sana, mtu anaimba kama yumo mtungini.

Shangazi akaja kusikiliza. Sauti ya mwanamke, nyembamba, kali, fidla inamfukuzia. Akasikiliza hadi mwisho bila kuinuka.

"Siti huyo," akasema. "Na yule bwana?"

"Hakuna bwana, Shangazi. Ni huyu huyu, alikuwa anakwenda polepole."

"Mie niliyemtunza ni bwana. Kama hayupo, noti yangu iko wapi?"

Noti nilimrudishia. Kwenye flashi yake nimemwekea mafaili mawili, la Siti na la bwana. Jirani ananambia kila jioni linalosikika ni la bwana.