Nimenunua jina, gari lenyewe limebaki Japani

Jamani kuna watu wameuziwa mbuzi kwenye gunia, mimi nimeuziwa Celica, ile Toyota ya spoti. Tena kwa hela yangu mwenyewe, yaani ya mkopo ila jina kwenye mkopo ni langu, na wala hakuna aliyenishikia panga.

Wa kulaumiwa ni mjomba. Miaka ile ya tisini mjomba alikuwa anapeleka vitunguu Nairobi, basi kila Pasaka ikipita anarudi Arusha na gazeti la Kenya lenye picha za Safari Rally, yale mashindano ya magari ya huko kwao, anachana ile picha anaibandika ukutani sebuleni kwa uji wa ugali. Na picha yenyewe ni Celica tu, mwaka huu Celica, mwakani Celica. Ina bomba limepanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo ili ivute hewa ikiwa imezama mtoni, mbele ina mabomba ya chuma endapo itakutana na ng'ombe wa watu, na matope mpaka juu ya paa. 1992 akashinda nayo Carlos Sainz, 1993 Juha Kankkunen na mwaka huo nafasi nne za juu zote zilikuwa Celica yaani wenzao walienda kutalii, halafu 1994 akashinda Ian Duncan, wa Kenya hapo hapo jirani, siku hiyo mjomba alishangilia utadhani naye kapewa mgao. Mimi nina miaka minane nimesimama chini ya ile picha nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nanunua hiyo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba Celica siyo gari, Celica ni ukoo. Na ukoo unaujua, kuna babu aliyeua simba na kuna mjukuu anayeogopa jogoo, wote jina moja.

Nimekuja kuusoma huo ukoo nikiwa nimeshalipa. Babu mwenyewe kazaliwa 1970, jina lake eti maana yake ya mbinguni, mwembamba, mrembo, ukimwangalia unaona kama wamechukua Mustang ya Mmarekani wakailoweka usiku kucha ikapungua. Wa pili akaja 1977, huyu sifa yake ni uzazi, maana 1978 walimvuta pua wakamwekea silinda sita wakaita Celica Supra, mtoto akalelewa akanenepa, 1986 akahama na jina lake moja, Supra basi. Leo dunia nzima inamlilia huyo mtoto, mama yake hata simu hapigiwi.

Wa tatu 1981 ana kona kona kama boksi la viatu, taa zinalala chali zikiangalia mawingu, ukiwasha zinainua shingo kama mgonjwa aliyesikia chai imeletwa. Ila usimcheke, huyo ndo alibeba Safari 1984, 1985 na 1986 mfululizo, tena anasukumwa na matairi ya nyuma tu.

Halafu 1985 wakaugeuza ukoo kichwa chini miguu juu, matairi ya mbele ndo yakaanza kuvuta. Ungedhani ndo mwisho wa ubabe, kumbe humo humo wakatoa GT-Four, fowili yaani matairi yote manne yanavuta, injini 3S lita mbili na turbo juu yake ya kuisukumia hewa ipate nguvu. Huyu ndo wa ukutani kwa mjomba, au tuseme mdogo wake, maana GT-Four wako watatu katika vizazi vitatu, ST165, ST185 na ST205. ST185 ndo mwenye mkonga. ST205 ana macho manne ya duara, anakutazama kama buibui, na ndo aliyeleta aibu 1995, timu ikakutwa imechezea kile kibana-hewa cha turbo, FIA, wale wakubwa wa mbio za magari duniani, wakawafungia miezi kumi na miwili. Sikuwatetea ila pia sikushangaa, ukoo ukiwa na majemadari wengi hivyo lazima atatokea mmoja wa mahakamani.

Sasa sikiliza. 1999 wanaleta wa saba. Turbo hakuna. Fowili hakuna. Kembamba, kepesi, pua imechongoka, macho ya mchokozi, yaani sura yote ya jemadari. 2006 wakafunga kabisa uzalishaji, ukoo ukaishia hapo.

Ndo wangu huyo.

Dalali aliponionyesha, nyekundu, imepigwa polishi mpaka naona meno yangu kwenye mlango, akasema "bosi hii ndo ile ya Safari yenyewe." Mimi nasikia harufu ya vitunguu vya mjomba, namuona Duncan, nikasaini. Nikaipeleka kwa fundi wangu, kafungua boneti, kaangalia, kafunga, kafungua tena. "Kaka, hii si 1ZZ? Hii si injini ya Toyota Wish, ile ya familia?" Kumbe hawa wa mwisho wako wa aina mbili, kuna mwenye injini ya 2ZZ, nguvu za farasi 190 kule Japani, na kuna huyu wa kawaida wa 145, na wangu ni wa kawaida, gia otomatiki nne. Mwalimu wa nyumba ya pili ana Wish yenye 1ZZ, inapeleka watoto shule asubuhi na magunia ya mkaa jioni. Yaani mimi na mwalimu ni ndugu wa moyo mmoja, tofauti yake na yangu ni kwamba yeye ana milango.

Na pale kijiweni siwezi kusema ukweli, maana nikipaki vijana wanasimama, "mzee hii ndo ilishinda Safari", nikikataa ninajishushia bei, nikikubali wananiambia twende tukaonje barabara ya vumbi. Ya vumbi ipi. Mimi tuta la shule tu napanda upande upande kama kaa, tairi moja moja, nyuma bodaboda wanapiga honi, na bado chini nasikia krrrr, ile sauti inaingia kwenye fizi.

Jumamosi iliyopita mtoto wa shemeji kapata kipaimara, huko juu ya Usa River. Mama mkwe akasema tutaenda na gari ya mkwe wangu. Sasa milango ni miwili. Nikalaza siti ya mbele, mama akaingiza kichwa kwanza, akatoka, akaingiza mguu, kitenge kikanasa kwenye mkanda, akaingia kinyumenyume kama anaegeshwa, mke wangu kamshika mabega, mimi naelekeza "kata kulia mama." Alipokaa kilemba kikagusa kioo cha nyuma, shingo ikabidi ilale, na mapajani kapakatishwa ndoo ya loshoro, yale makande ya maziwa ya mgando. Mpaka tunafika Tengeru hajasema neno, na mama yule akinyamaza ujue anahesabu.

Tukaacha lami. Mita mia hazikufika, mtaro wa maji ya mvua umekata njia, mtaro wa kawaida ambao mbuzi anauruka anatafuna. Nikapita kikaa. Krrrr, halafu kimya, tumelala kwa tumbo, tairi za mbele zinazunguka hewani zinarusha udongo kwenye ndizi za watu, loshoro imemwagika kidogo kwenye siti.

Nyuma ikaja Noah ya abiria, nayo Toyota. Old model, ile SR40, kioo kimoja ni nailoni, abiria sikuhesabu ila niliona miguu ya kuku dirishani. Ikapita ule mtaro bila hata kukata stori za ndani, ikasimama mbele, konda akashuka anacheka, "mzee na hiyo spoti ulikuwa unaenda wapi?" Wakashuka vijana wanne wakainyanyua, tukaisukuma pembeni kwenye kivuli cha mparachichi. Mama akatolewa kama alivyoingia. Akapewa siti ya dirishani.

Mimi nikabanwa mbele kati ya dereva na babu mmoja mwenye fimbo, pale ambapo injini iko chini yako kabisa. Dakika tatu nyingi makalio yakaanza kuiva.

"Dereva, hii injini gani?"

"3S hii mzee. Haifi."

3S. Ya ukoo ule ule wa ukutani kwa mjomba, haina turbo tu. Nimeitafuta tangu nina miaka minane, na siku nimeipata nimeikalia.

Nyuma mama mkwe kaweka ndoo yake vizuri, kanyoosha kilemba, nikamsikia anamwambia jirani yake kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mbele: "Hii sasa ndo gari."